Fundi wa Betri Aliyegawa Miji

Wewe uliyeketi karibu na mlango, nakutegea, na usijifanye unafunga kamba za viatu. Nina mtu wangu ana matumbo sita. Hali chochote, hunywa maji tu. Ukimlaza na njaa anakufa, na akishakufa anabaki ameketi palepale, sura ileile, wala hanuki. Ni nani?

Umeshindwa. Basi nipe mji. Bukoba? Haya, nimekwenda Bukoba, nimekula senene, nimeshiba, nimerudi. Mtu huyo ni betri. Si yale mawe ya tochi. Nasema betri kubwa ya maji, yenye vifuniko sita mgongoni.

Masika ya mwaka tisini na tisa nilikuwa nazo kumi na mbili, na nilikuwa na mtu mmoja aliyenisaidia kuzitunza, jina lake Irambona, mkimbizi kutoka Burundi. Betri nne zilinifia. Mtu huyo naye nusura apotee, na alikuwa akijipoteza kwa makusudi, humo humo katikati ya betri zangu.

Ilianza na barabara. Mvua za Elinino zilikuwa zimeitafuna barabara yetu ya Bukiriro, na malori ya chakula cha wakimbizi yakamalizia kilichobaki. Ikaja kampuni ya ujenzi. Msimamizi wao alikuwa Shilinde, Msukuma wa Shinyanga, mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Walikuja na greda, na gari la kushindilia, na vitu viwili tulivyoviita mishale. Kila mshale ulikuwa ubao mkubwa mweusi juu ya tela la magurudumu mawili, umejaa taa za njano zinazowaka na kuzima mpaka unaona mshale unakimbia upande mmoja, ili dereva ajue upande wa pili pamechimbwa. Umeme haukuwepo Bukiriro. Mshale ulikuwa na kioo chake cha sola juu kabisa, na chini sanduku la betri sita. Mara ya kwanza unawaka, watu walitoka makanisani kuuangalia.

Masika yalipoingia kazi ikasimama. Mishale ikaondolewa barabarani, ikawekwa kwenye ghala la zamani la kahawa, karibu na nyumba yangu. Mimi nikapewa ufunguo, kwa kuwa nimesoma mpaka la saba na mwandiko wangu unasomeka. Fundi wa kampuni alinielekeza huku mguu mmoja uko tayari kwenye ngazi ya lori.

"Betri zikae nje ya sanduku, mama. Kila mwezi zichajiwe. Maji yasipungue. Vifaa vimo kwenye katoni hii."

"Na nisipoelewa?"

"Utaelewa," akasema, na lori likaondoka.

Sasa mimi, kuchaji niliyoijua ilikuwa moja. Redio yetu ikianza kukwama, mawe yake tunayatoa, tunayapanga juu ya bati juani, mchana kutwa, jioni yanaongea tena kidogo. Bukiriro yote tulifanya hivyo, na wewe bibi yako alifanya hivyo, muulize. Basi kila Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa nabeba betri zile kumi na mbili, moja moja, nzito kama mtoto wa miaka minne, nazipanga uani juu ya bati zikiangalia jua. Vile vioo vya sola nilivifunika vizuri kwa turubai ndani ya ghala visije vikavunjika. Maji yalipopungua nikaongeza ya kisima. Nilifanya hivyo wiki sita, na nilijiona mtunza ghala hodari.

Jumapili ya saba akapita mtu njiani, amebeba jembe. Akasimama. Alikuwa mrefu, shati lake limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na uso wake ulikuwa hauna kitu. Sisemi alikuwa na huzuni. Ulikuwa hauna kitu, kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Amahoro, mama," akanisalimia kwa Kirundi. "Hizo umezianika?"

"Nazichaji."

Akaziangalia kutoka ya kwanza mpaka ya kumi na mbili.

"Zimekosa nini?"

Nilidhani anatania, nikacheka. Yeye hakucheka. Akaweka jembe chini, akachuchumaa, akagusa ubavu wa betri moja, akaondoa mkono haraka kwa joto lake.

"Mama, ukiendelea hivi utazipika. Mimi nilikuwa fundi wa umeme wa magari, Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, miaka kumi na moja. Zirudishe ndani."

Ndivyo nilivyompata Irambona. Alikuwa akiishi kambini Lukole na siku nyingine anatoka kutafuta kibarua cha kulima, ingawa hawakuruhusiwa kwenda mbali. Kiswahili alikijua cha Buyenzi, kizuri kuliko changu. Nilimwambia nitampa ndizi na maharage akinisaidia mpaka Shilinde arudi. Akasema sawa. Hakuuliza ndizi ngapi.

Kesho yake alifungua katoni ya fundi. Akatoa bomba la kioo lenye puto la mpira kwa juu.

"Hiki ulikitumia?"

"Hicho nilikiosha nikakiweka," nikasema. "Nilijua ni lile bomba la kumtilia mtoto dawa kwa nyuma."

Safari hii pua yake ilitikisika kidogo. Hakuna zaidi. Kumbe kilikuwa kipimo cha asidi. Unafungua kifuniko, unaingiza mdomo wa bomba, unafinya puto na kuliachia, maji ya betri yanapanda, na ndani kuna kijiti kinachoelea chenye rangi tatu. Kikielea kwenye kijani, tumbo hilo limeshiba. Kwenye nyeupe, nusu. Kwenye nyekundu, lina njaa. Betri ina matumbo sita, kwa hiyo unapima mara sita, betri kumi na mbili, mara sabini na mbili. Tuliziandika namba kwa chokaa, tukapima zote siku hiyo. Nilikuwa naandika, yeye anataja: nyekundu, nyekundu, nyekundu. Aliitaja kwa sauti moja tu, kama anasoma majina ya watu asiowajua.

"Zimekufa zote?" nikauliza.

"Nne hizi zimekufa. Tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Sahani zake zimekauka zikawa nyeupe. Hizi nane tutajaribu. Betri ikiwekwa na njaa inaota ukoko mweupe ndani. Ukiilisha polepole, siku nyingi, ukoko unayeyuka kiasi. Kiasi, sikuahidi."

Tukaanza. Alinifundisha kila kitu na mimi nilikishika, maana mikono ikiwa na kazi kichwa kinapumzika, na kichwa changu kilihitaji kupumzika, nitakueleza. Tulitandika mbao sakafuni, betri zisikae kwenye unyevu. Ule unga mweupe na wa kijani kwenye vichwa vya waya tuliuosha kwa maji ya magadi, ukatoa povu, tukakausha, tukapaka grisi nyembamba. Maji ya kisima marufuku, yana chumvi ya ardhini. Maji ya betri ya dukani hayakuwepo, kwa hiyo tulitandaza karatasi ya nailoni safi uani, mbali na paa la bati, tukakinga mvua moja kwa moja kutoka mbinguni, tukaichuja kwa kitambaa. Unaijaza mpaka ipite sahani kwa upana wa kidole, usizidishe. Asidi usiongeze kamwe. Kibatari usiingize humo, maana betri inayolishwa inatoa hewa inayoweza kulipuka. Na ukitaka kufungua waya, unaanza na wa hasi. Ukitaka kufunga, wa hasi unakuwa wa mwisho. Kanga yangu ya kufanyia kazi ilitoboka matundu kama chujio kwa asidi. Nilivaa hivyohivyo.

Vile vioo nilivyovifunika ndivyo vilivyokuwa vya kuwekwa juani. Tulivitoa, tukavielekeza jua, tukavuta waya mpaka ndani ya ghala, na zikalishwa betri mbili mbili, kwenye kivuli, zimetulia. Masika jua ni la kuvizia. Siku nyingine tulikaa toka asubuhi tukisubiri wingu liondoke.

Katika kusubiri huko nikamtegea vitendawili. Sikuweza kukaa kimya na mtu kimya.

"Ana nguo nyingi hazivui, na akizaa mara moja tu anakatwa shingo."

Hakufikiri hata kidogo. "Chukua Gitega," akasema.

"Hujajaribu! Ni mgomba. Wewe unakula ndizi zangu kila siku."

"Chukua Gitega, mama."

"Haya. Mgeni wangu hapiti mlangoni, na akiingia namwekea sufuria."

"Chukua Ngozi."

"Ni mvua inayovuja! Tazama juu, pale, inaingia!"

Aliangalia juu, akasogeza betri namba tatu isilowe, akarudi kukaa. Nimetega vitendawili tangu niko darasa la pili, sijaona mtu anayegawa miji namna ile. Watoto huwa wanaona uchungu, wanakupa kijiji kibaya kwanza, wanakunyima mji wenye soko. Yeye alinipa Kayanza, Ruyigi, Rutana. Alinipa Cankuzo na Bururi siku moja. Alinipa Bujumbura pamoja na ziwa lake, na hakuinua hata nyusi. Nikamwambia, "Baba, mimi sasa ni mkuu wa nchi yako." Akasema, "Itunze."

Ikafika siku hana mji wa kutoa. Nilitega kimoja tena.

"Nipe Muyinga," nikasema. "Hiyo bado."

"Hiyo sikupi."

"Kwa nini?"

"Ndiko kwetu."

"Basi jibu kitendawili."

"Sijui jibu."

"Nikurahisishie basi. Swali la kawaida. Una watoto wangapi?"

Akachukua kitambaa akafuta betri namba saba. Ilikuwa safi, tuliifuta asubuhi. Akaifuta pande zote nne na juu, kati ya kifuniko na kifuniko. Kwetu nasi watu wazima hawapendi kumhesabu mtoto kwa sauti. Ukiulizwa unasema, wapo, tunashukuru. Nikadhani ni hilo. Nikaenda kuinjika maharage.

Mwanzoni mwa Mei akaja mzee Aron. Alikuwa jirani wa Irambona kambini, ametembea karibu saa tatu kwa fimbo. Irambona alikuwa uani anakung'uta maji ya mvua kwenye nailoni. Mzee hakumwita. Alinijia mimi jikoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mama wa betri?"

"Ndiye mimi."

"Yule pale anakusikiliza?"

"Hasikilizi mtu, ila akiambiwa kitu cha kazi anafanya."

"Basi mwambie ni kazi." Akaketi juu ya kinu changu kilicholazwa. "Alhamisi ya tatu ya mwezi huu wanahesabu kambi yote upya. Kadi za chakula za zamani zote zinakufa siku hiyo. Kila mtu anasimama mwenyewe mezani, anaulizwa, anachovywa kidole kwenye wino. Huyu hana kadi. Tangu mwaka tisini na sita wamehesabu mara mbili, na mara mbili hakuwepo. Amekuwa akila kwenye kadi yangu, na mimi sikatai, lakini Alhamisi kadi yangu inakuwa ya mtu mmoja kweli. Asiyehesabiwa safari hii, hana chakula, hana hema. Na polisi wakimkuta wanampakia lori la mpakani."

"Kwa nini hajihesabishi?"

Mzee Aron akakuna kidevu. "Kwa sababu mezani wanauliza."

"Wanauliza nini?"

"Familia. Mkeo, watoto wako, mko wangapi, wako wapi. Tulivuka mto pamoja naye. Alivuka bila mke wala mtoto. Sijamuuliza, na wewe ukitaka asikukimbie usimuulize."

Sikumwambia kuwa nimekwisha kuuliza.

Jioni nilimpa Irambona habari kama nilivyoagizwa, kikazi. "Alhamisi ya tatu hakuna kazi hapa. Unakwenda kuhesabiwa."

"Alhamisi nitakuwa na namba saba na nane," akasema. "Haziwezi kuachwa."

"Zitaachwa."

"Tutaona jua."

Sasa nikwambie kichwa changu kilikuwa kinapumzika na nini. Mwaka tisini na nne, wakimbizi wa Rwanda walipoingia wilayani kwetu Ngara kwa siku moja, wengi kuliko wilaya nzima, maji yaliharibika, na kuhara damu kukapita hata kwetu tusio kambini. Mwanangu Zita alikuwa na miaka mitano. Ilichukua siku tatu. Alizikwa nyuma ya migomba. Mume wangu Matiasi aliondoka mwezi uliofuata kwenda kulima Nyantakara, Biharamulo, na alikuwa anarudi kila baada ya mavuno, mtu mwema tu. Mimi sikulia siku ile, wala wiki ile. Nilingoja nilie, sikuona kitu kinakuja. Nikaendelea kupika. Mtu akiniuliza, Eufrazia una watoto wangapi, nasema haraka: watatu. Nilisema hivyo miaka mitano na hakuna aliyenisahihisha.

Nilimwambia Irambona hayo Jumanne, siku mbili kabla ya kuhesabu, tukiwa tunapima. Sijui kwa nini Jumanne. Nilikuwa nimeshika kipimo mimi, yeye ameshika daftari.

"Nilikudanganya juu ya watoto wangu," nikasema.

"Hukuniambia kitu juu ya watoto wako."

"Basi ningekudanganya. Ningesema watatu. Ni wanne. Mmoja yuko nyuma ya ile migomba."

Akatazama migomba. "Tumbo la nne?" akauliza.

"Kijani."

Akaandika. "La tano?"

"Kijani. La sita kijani. Namba saba imeshiba, baba."

"Namba saba, kijani," akaandika.

Alhamisi ikafika, na jua lilitoka safi kama limeoshwa. Niliwatayarishia Joyceline na wadogo zake uji, nikaenda ghalani kufunga mlango tu. Nikamkuta Irambona keshafika. Ametembea kinyume cha watu wote, maana njiani walikuwa wanapita wengi waliokuwa vibaruani mashambani, wanakimbilia kambini kabla foleni haijawa ndefu. Meza zilikuwa zinafungwa saa kumi alasiri. Yeye amechuchumaa, vioo vimeelekezwa jua, waya zimefungwa kwenye namba saba na namba nane.

"Hukwenda," nikasema.

"Hizi leo ndiyo siku yake. Jua kama hili hatujalipata mwezi mzima."

"Irambona, wanafunga saa kumi."

"Namba saba bado. Ikikatwa sasa itarudi nyuma, kazi yote imepotea. Na bosi wako anakuja wiki hii. Ikiwa mbovu utamwambia nini?"

Alisema vizuri, kwa utaratibu, na mimi nilikuwa nimekwisha kukubali. Kweli nilikuwa nazihitaji zile betri. Nikachuchumaa niangalie. Nikasikia inachemka ndani kama sufuria ya maharage inayokaribia kuiva, pwe, pwe, pwe, na harufu ya asidi ikanipanda puani. Betri yenye njaa haichemki hivyo. Nikachukua kipimo nikafungua kifuniko cha kwanza. Kijani, juu kabisa. Cha pili, kijani. Sikuendelea.

"Hii imeshiba tangu Jumanne," nikasema. "Umeandika kwa mkono wako."

Akainama kukaza waya uliokuwa umekaza.

"Unamlisha mtu aliyeshiba. Utaipasua, na unajua utaipasua, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Namba nane..."

"Namba nane imeshiba tangu Jumatatu."

Nikafungua waya wa hasi. Kisha ule mwingine. Namba nane vilevile. Nilikuwa nimefanya mara nyingi. Nikafunika vile vioo kwa turubai. Ghala likawa kimya, ile pwe, pwe ikapungua, ikaisha.

"Mama," akasema, bado amechuchumaa, "wakiandika majina ya watoto wanayapeleka Burundi. Kuna watu kazi yao ni kuvuka na yale majina, wanatafuta mlima kwa mlima. Halafu wanarudi na jibu."

"Ndiyo."

"Sasa hivi hakuna jibu."

"Ndiyo, baba. Mimi nilisema watatu miaka mitano. Kutomtaja hakukumrudisha, wala hakukunipunguzia maumivu. Simama."

Hakusimama. Hapo ndipo tuliposikia lori. Shilinde. Aliingia na sauti yake kwanza.

"Mayu! Mama Joyceline! Wala ndizi wa Bukiriro mko hai? Nimekuja kuona watoto wangu wa matumbo sita!" Mayu ni mama kwa Kisukuma, na kitendawili hicho alikipata kwangu. Akasimama mlangoni akitazama mbao, grisi, namba zilizoandikwa kwa chokaa. "Ah. Mbona humu ni pasafi kuliko hospitali? Na huyu nani?"

"Fundi," nikasema. "Nane nzima. Nne zimekufa. Hizo nne nimeziua mimi, nilizianika juani kama mawe ya redio."

"Ulizi-nini?"

"Nilizianika."

Alishika kiuno akacheka mpaka akakohoa. "Msukuma akiibiwa ng'ombe hasikii uchungu, akisikia hii atasikia! Kama mihogo!" Kisha akaacha kucheka, akapima mwenyewe mbili tatu, akavuta midomo. "Mimi niliwaambia ofisini zote zitakuwa zimekufa. Nane ni nyingi. Lakini nne nitaziandika, mayu. Lazima niandike na sababu. Msimu ujao ufunguo huu utashikwa na mtu mwingine."

"Andika," nikasema. Kweli sikusikia uchungu wowote. "Lori lako linapita njia panda ya Lukole?"

"Linaweza kupita. Kuna nini?"

"Huyu mtu anatakiwa ahesabiwe kabla ya saa kumi, na hataki."

Shilinde akamtazama Irambona aliyechuchumaa, akatazama saa yake, akatazama namba saba. Hakuuliza zaidi. Alikuwa mtu wa makelele, lakini alikuwa amepita na lori lake Rusumo, daraja la mpakani, mwaka ule watu walipovuka, alikuwa ameona. Akainama akamshika Irambona chini ya kwapa kama unavyoinua mgonjwa.

"Fundi. Panda mbele. Mama akae katikati asije akaanikwa."

Irambona akapanda. Njiani Shilinde alisema peke yake, juu ya madaraja, juu ya mvua, juu ya sisi Wahangaza tusiojua kuogesha ng'ombe. Mimi nilikuwa nashika kanga yangu kwenye matundu yake. Irambona aliangalia barabara. Pale walipokuwa wanaweka mshale wa kwanza palikuwa pameota majani.

Tulifika saa tisa na robo. Foleni ilikuwa imebaki fupi, watu kama kumi, wamezungushiwa kamba. Mzee Aron alikuwa ameketi kwenye jiwe kando, kidole chake cheusi kwa wino. Alimwona Irambona, akainua kidole hicho juu bila kusema. Mimi si mkimbizi, askari akanizuia kwenye kamba. Lakini meza ilikuwa karibu, niliweza kusikia.

Aliyeandika alikuwa dada mmoja wa Ngara mjini, Véronique, kwao waliingia kutoka Rwanda zamani, wakati wa wazee wake. Alikuwa amechoka, wino umemfika mpaka kwenye kiwiko. Hakuinua kichwa.

"Jina?"

"Irambona."

"Mkoa?"

"Muyinga."

Akamuuliza mlima, ndivyo Warundi wanavyoita kijiji, na tarafa, na mwaka aliovuka. Alijibu vyote, kwa ile sauti ya kutaja nyekundu, nyekundu. Akaulizwa kazi, akasema fundi umeme.

"Mke?"

"Amefariki. Tisini na tatu."

"Pole. Hapa kambini unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Watoto?"

Nyuma yake mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akahamisha uzito toka mguu huu kwenda huu. Véronique akangoja, kalamu iko juu ya karatasi.

"Baba, watoto. Hata kama hawapo hapa. Hii sehemu nisipoijaza fomu inarudishwa, na wewe unarudi nayo. Kama huna sema huna."

Irambona akafungua kifungo cha shati, kile cha juu kabisa, cha shingoni. Akakaa amekishika. Nilijua anatafuta kitu cha kufuta. Meza ilikuwa tupu, hakuna cha kufuta. Mkono wa saa ya Véronique ulikuwa unasogea karibu na saa kumi kasorobo, na askari akaanza kukunja kamba kwa upande wa nyuma.

"Andika huna?" Véronique akauliza, sasa kwa upole. "Niandike huna?"

Kalamu ikashuka.

"Hapana," akasema Irambona. "Usiandike hivyo."

Akageuka. Alinitafuta kwenye kamba mpaka akaniona, na alipoanza kusema alikuwa ananiangalia mimi, si meza.

"Watatu," akasema. "Bukuru na Butoyi, hao ni pacha. Na Josiane."